Somo Nililomfundisha Nkwimba

Mnadani, Jumamosi, saa tisa alasiri

Mwanangu Editha,

Kabla hujaendelea na mstari wa pili, nakuomba kitu kimoja: barua hii isomwe na macho yako tu. Usimsomee mwenzako wa bwenini, usiipige picha kwa simu, usimpigie shangazi yako wa Kibaoni kumuuliza kama ni kweli. Ukimaliza, ichane au ichome, mimi sitauliza. Siombi siri kwa ajili ya jina langu, maana jina langu nitalipeleka mwenyewe ofisi ya elimu Jumatatu. Naomba kwa ajili ya mtoto mmoja wa darasa la saba hapa shuleni, anaitwa Kabula. Baba yake akisikia hata nusu ya haya, atamvusha mto mpaka kwenye kambi ya ng'ombe, na mtihani wa taifa umebaki wiki tatu. Mtihani ukishapita, mwambie umtakaye.

Wewe na mama yako mmekwenda Ifakara tangu asubuhi kununua tranka na ndoo na kumuaga shangazi. Mimi nimekaa ofisi ya walimu. Nimefunga komeo, ingawa ni Jumamosi na nje hakuna mtu, ni mbuzi tu wanaolala barazani. Unanijua. Hata barua ya kuomba ruhusa ya siku moja huwa naiandika mara mbili. Hii ni mara ya tatu naianza.

Sitaandika habari za chandarua, wala ndala za kuogea, wala jinsi ya kukaa na watu. Hayo mama yako amekwisha kuyasema na ataendelea kuyasema mpaka basi liondoke kesho. Mimi nina jambo moja.

Mwezi uliopita ulinipa maelezo yako ya kuombea chuo nikusahihishie. Uliandika kwamba unataka kuwa mwalimu kwa sababu ya baba yako, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini amefundisha watoto wa wafugaji bila kuchoka na bila kumwogopa mtu. Nilisoma nikiwa nimesimama. Nikaongeza koma mahali palipokosa koma, nikakurudishia karatasi, nikasema, "Ni nzuri." Maneno "bila kumwogopa mtu" niliyaacha yalivyo. Tangu siku hiyo kila ukiniita baba naona kama unamwita mtu aliyesimama nyuma yangu.

Nilifika hapa nikiwa kijana, nimetoka Mahenge na cheti changu ndani ya bahasha ya plastiki. Wakati ule Mnadani ilikuwa mnada wenyewe, maduka machache, na shule yenye madarasa manne. Watoto walikuwa wanakuja wananuka moshi na maziwa, nusu yao hawajui Kiswahili, mimi sijui Kisukuma. Mwalimu mkuu aliona mwandiko wangu akanifanya mwalimu wa taaluma. Ukweli ni kwamba nilikuwa karani. Niliandika majina, nikajaza fomu za mtihani, nikapiga mihuri, nikapeleka bahasha kwa mratibu wa elimu wa kata. Niliogopa kufuta. Niliogopa wino kuvuja. Niliogopa mtu yeyote anayekuja na daftari kutoka juu. Wenzangu walinitania, "Wewe hata ukipiga chafya unaandika kumbukumbu."

Ulizaliwa masika. Barabara ya kwenda Mchombe ilikuwa maji matupu, na mama yako akashikwa na homa baada ya kujifungua, maziwa yake yakakauka. Ulikuwa unalia mpaka sauti inakatika. Mtu aliyetuokoa ni Mzee Maganga. Alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote upande huu, na ndiye aliyetoa mikokoteni yake kusomba mchanga wa darasa la tano. Alisikia, hakungoja kuombwa. Asubuhi ya pili binti yake alisimama mlangoni na kidumu cha maziwa, bado yana joto la ng'ombe.

Binti huyo ndiye Nkwimba. Alikuwa darasa la sita. Alikuja kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka mzima, mvua au jua, anakabidhi kidumu, anakubeba kidogo mama yako akichemsha, halafu anakimbia kuwahi namba shuleni. Alikuwa mtoto wa maneno. Siku moja mama yako alimwambia, "Nkwimba, tutakulipa nini?" Akajibu, "Huyu ni ndama wetu, mama. Nyie mmeazima tu."

Darasani hakuwa na mwenzake. Nimefundisha watoto wengi, Editha, na wapo waliofaulu na kwenda mbali, lakini mtoto wa namna ile sijampata mwingine hadi juzijuzi. Nilikuwa nikimwandikia hesabu ubaoni, anaijibu nikiwa bado sijamaliza kuiandika, halafu anaweka mkono mdomoni kama mtu aliyekosa adabu.

Alipokuwa darasa la saba, wewe una mwaka na miezi, asubuhi moja kidumu kililetwa na Mzee Maganga mwenyewe.

"Mwangaluka, mwalimu," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Shikamoo mzee. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kwa ajili ya huyu Nkwimba. Nasikia anajua sana."

Nikafurahi. Nikaanza kumsifia. Akaniacha niseme mpaka nikamaliza.

"Ndiyo hiyo shida yenyewe," akasema. "Akifaulu, jina lake mnabandika ukutani. Likishabandikwa, ni mtoto wa serikali. Asipokwenda hiyo sekondari, mtendaji anakuja na mgambo kunichukua mimi. Akifeli ni mwanangu, na nimekwisha kuzungumza na watu. Sasa wewe ndiye unayeshika makaratasi. Msaidie afeli."

Hakunitisha. Ingekuwa afadhali angenitisha. Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba kuazima jembe, na kidumu kilikuwa mkononi mwangu, na wewe ulikuwa ndani unalia njaa.

Nikasema, "Nitaona, mzee."

Nataka ulijue neno hilo. Nilidhani nimekwepa. Yeye aliondoka anajua nimekubali.

Kesho yake Nkwimba alibaki baada ya masomo. "Mwalimu, baba amesema niandike makosa. Nifanyeje?" Aliniuliza mimi. Alikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza, na ndiye huyu. Ningeweza kusema andika unachojua. Ningeweza kumwendea mwalimu mkuu, au hata kunyamaza tu, akaamua mwenyewe. Lakini kichwa changu cha karani kilikuwa kimekwisha kuona hatari nyingine: mtoto wa kwanza darasani akipata sifuri, mratibu atauliza, na karatasi zote zina mwandiko wangu. Nikawaza kufeli kwake kuwe kwa kawaida. Kusiwe na maswali.

Kwa hiyo nikamfundisha. Mchana wa siku tatu, hapa hapa, kwenye meza hii. Nilichukua mtihani wa zamani.

"Shamba lina urefu wa mita kumi na nane, upana mita sita. Eneo lake?"

"Mia moja na nane."

"Vizuri. Mtoto asiyejua angeandika nini?"

Akafikiri. "Angejumlisha pande zote. Arobaini na nane."

"Basi andika arobaini na nane. Na usikose yote. Mengine rahisi patia, ili ionekane ulijaribu."

Alielewa upesi, kama alivyoelewa kila kitu. Siku ya tatu alikuwa ananishinda mimi. Alijua kila kosa ambalo mtoto mzito angelifanya, na kwa nini angelifanya. Alianza kucheka, ulikuwa mchezo. Halafu akaacha kucheka akaniuliza, "Mwalimu, nikikosa vizuri utafurahi?"

Nikamwambia aende nyumbani, mvua inakuja. Mvua haikuwapo.

Katika maisha yangu yote ya ualimu, lile ndilo somo pekee nililomfundisha mtoto mmoja peke yake, kwa uvumilivu, mpaka akalijua lote.

Nilimwambia mama yako alipokuwa anakuchemshia maziwa. Akaacha kukoroga.

"Umemfundisha nini mtoto wa watu?"

"Kufeli."

"Na yeye ndiye aliyeleta haya?" Akaelekeza mwiko kwenye sufuria.

Nikasema ndiye. Akaipua, akapoza, akakunywesha, kwa sababu ulikuwa unalia. Sikuandikii hili ili uone vibaya kwamba uliyanywa. Mtoto wa mwaka mmoja hana deni. Nakuandikia kwa sababu utasikia siku moja kwamba baba yako alifanya vile kwa ajili yako, na huenda mimi mwenyewe nikizeeka nitajaribu kusema hivyo. Usikubali. Maziwa yangeendelea kuja. Mzee Maganga hakuwa mtu wa kumnyima mtoto maziwa. Nilifanya kwa woga, na woga wenyewe haukuwa wa kitu chochote kilichokuwa mbele yangu.

Matokeo yalipobandikwa, jina la Nkwimba halikuwapo. Mwalimu mkuu akatikisa kichwa. "Watoto wa kwenye ng'ombe ndivyo walivyo. Darasani moto, kwenye mtihani majivu." Akanitazama mimi, mwalimu wake wa taaluma. Nikasema, "Ndivyo walivyo." Nimesema mambo mengi ya kijinga katika maisha yangu, lakini hilo nalisikia hata nikiwa napiga mswaki.

Ng'ombe wa mahari ya Nkwimba walipita nyuma ya shule kabla mpunga haujavunwa. Nilikuwa nafundisha. Watoto wakasimama madirishani kutazama, nikawaambia kaeni, nikaendelea na somo. Siku zilizofuata kidumu kikaletwa na mdogo wake.

Baada ya hapo walikuja wazazi wengine. Si wengi, na walikuja kwa heshima, wamevua kofia. "Mwalimu, tumesikia." Kwa Mungu, sikumfundisha tena mtoto yeyote namna ile. Lakini sikumkatalia mzazi yeyote. Niliwaambia nitaona. Mtoto akifeli kwa amri ya baba yake, baba anaamini ni kazi yangu, ananishukuru. Nami sikusema si mimi. Maziwa yaliendelea kuja nyumbani kwetu mpaka ulipofika darasa la tatu, na mpaka leo nikipita mnadani wazee wanasimama kunisalimu. Wewe ulikuwa unatembea kando yangu ukiona wanavyosimama. Ndiko ulikopata yale maneno uliyoandika.

Sasa Jumatano.

Nilikuwa nasahihisha mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Kabula alikuwa wa kwanza, na wa pili alikuwa mbali. Nimekwambia juzijuzi nimempata mtoto mwingine wa namna ile, ndiye huyo. Mwanamke akabisha hodi, amejifunga kanga mbili, miguu ina tope la shambani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Nkwimba. Habari za nyumbani?"

Maana ndiye. Kabula ni mtoto wake wa tatu. Nimemfundisha binti yake mwaka mzima na katika mwaka huo nimefanya kila njia tusikutane na mama yake.

"Nzuri. Na Editha hajambo? Nasikia ndama wetu anakwenda chuo." Akatabasamu kidogo. Kisha akakaa kwenye benchi na tabasamu likaisha. "Nimetumwa, mwalimu. Baba Kabula amesema nije kwako. Amesema wewe unajua."

"Najua nini?"

"Mwalimu." Akasubiri nione aibu mwenyewe. "Ile namna."

Nikamuuliza, "Na wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mimi nimetumwa. Nikisema langu, nitalala wapi?" Alisimama, akajifunga vizuri kanga. Alipofika mlangoni akageuka. "Siku ile kwenye mtihani lilikuja lile la shamba. Ila mita zilikuwa nyingine, ishirini kwa tisa. Eneo ni mia moja na themanini. Nikaandika hamsini na nane, kama ulivyonifundisha. Nikipalilia mpunga huwa nalifanya tena, kila mwaka. Kila mwaka linatoka sawa."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa kama mwanafunzi anayeleta daftari lisahihishwe.

Unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Nitaona, Nkwimba." Baada ya miaka yote hiyo. Neno lilitoka lenyewe.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Sikulala vizuri, na hiyo si habari. Ijumaa nikamwita Kabula hapa ofisini, nikaacha mlango wazi. Nikamwambia, "Siku ya mtihani andika unachojua. Mtu mzima yeyote akikwambia vingine, hata kama ni mimi, andika unachojua."

"Hata baba?"

"Hata baba."

Akafikiri. Ana namna ya mama yake ya kufikiri, anatazama pembeni. Akasema, "Halafu?"

Neno moja tu. Nilikuwa nimejiandaa kujisikia mtu mwema, Editha, na mtoto wa miaka kumi na mitatu akaniuliza halafu. Halafu akifaulu, akarudi nyumbani, nani atakuwa pale? Nilikuwa nimempa mtoto mzigo wangu, nikauita ushauri. Nilifanya vivyo hivyo kwa mama yake, ila kwa upande mwingine.

Ndiyo maana Jumatatu naenda ofisi ya elimu. Nimekwisha kuandika maelezo, kurasa mbili, nimeweka sahihi kila ukurasa. Nimeeleza Nkwimba, nimeeleza Kabula, nimeomba mtoto awekwe kwa mwalimu wa kike hapa shuleni mpaka mtihani uishe, na afuatiliwe baada ya hapo. Wakienda kwa baba yake bila maelezo yangu, atasema ni maneno ya wivu na mambo yataishia hapo. Maelezo yangu ndiyo ushahidi kwamba jambo hili hufanyika, kwa sababu aliyelifanya amesaini. Hawawezi kuyapokea na kuniacha kazini. Nimesoma kanuni. Unanijua, nimezisoma mara tatu.

Nilimwambia mama yako jana jioni. Nilidhani atalia kwa sababu ya nyumba, maana hii ni nyumba ya mwalimu na tutatakiwa kutoka. Alikuwa anachambua mchele. Alisema, "Nenda. Mimi nitafunga vyombo." Akaendelea kuchambua. Baadaye akaongeza, "Ningefunga hata mwaka ule." Kwa hiyo mama yako anajua. Wengine wote hapana.

Naogopa sana. Mwandiko huu si ule unaousifia. Naogopa chuo wakisikia watakutazama vibaya. Naogopa Kabula atahamishwa kabla ya Jumatatu. Naogopa zaidi kwamba nitafika kwenye mlango wa ofisi, nimkute mkubwa anayenifahamu, anikaribishe chai, na mimi nizungumzie chaki. Ndiyo sababu nyingine ya kukuandikia leo, kabla sijaenda. Ukishajua wewe, sina mahali pa kurudi.

Sikwambii uache ualimu. Utakuwa mwalimu mzuri kuliko mimi, na sisemi hivyo kwa sababu u mwanangu. Nimekuona unavyowangoja watoto wazito wamalize sentensi. Lakini watakupeleka mahali kama hapa, na watu watakuja kwako kwa heshima, na wema wao utakuwa wa kweli. Mzee Maganga alikuwa mtu mwema. Nilimlilia alipokufa. Mimi nilikuwa nangoja mtu mbaya aje ndipo niwe jasiri, na mtu mbaya hakuja. Siku utakayojisikia unasema "nitaona", tazama ni nani aliye mbele yako, na ni nani ambaye hayupo chumbani.

Sikuombi unisamehe. Aliyepaswa kuombwa nimemwambia nitaona. Nitamwendea naye, nikishatoka ofisini, kama atanipokea.

Sasa jinsi ya kunipata. Simu yangu usiitegemee. Nitaizima Jumatatu asubuhi, kwa sababu wazazi wote wanayo namba na mimi najijua, nikisikia sauti zao nitalegea. Mama yako atakuwa na yake, ila usimfanye mjumbe wetu; ukimpigia, uliza habari zake yeye. Wakinisimamisha tutahamia Mofu, kwa baba yako mkubwa. Ukifika stendi ya Ifakara usipande gari la Mlimba kwa mazoea ukaja kututafuta huku. Tafuta bodaboda anayekwenda Mofu, na uje mchana, kabla mvua hazijakata njia. Mwambie akushushe upande wa mtoni, penye chanja za kukaushia samaki. Hapo usiulize mwalimu. Wana mwalimu wao, watakupeleka kwake. Uliza Baba Editha. Nitawaomba waniite hivyo, na kama hutaki jina lako lije nyuma yangu, njoo unikatalie mwenyewe, uso kwa uso. Nitakuwepo, sitakwenda mahali.

Baba yako